Damu imekatika siku ya 25: je, nisubiri arobaini?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Nimejifungua kwa upasuaji, leo ni siku ya 25. Tangu juzi damu imekatika kabisa. Mama mkwe ananiambia mzazi haswali mpaka arobaini itimie. Mume wangu naye anasema nikishatwaharika ndiyo nimepona, nirudie kazi zangu za nyumbani. Mshono bado unauma nikiinama. Je, nioge niswali? Na Ramadhani inakaribia nami nanyonyesha, nifanyeje?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amkuze mtoto na akutimizie afya yako.

Dada yangu, hapa pana hesabu mbili, na nyumbani kwenu zimechanganywa. Ipo hesabu ya damu, ambayo Swala na funga zinaifuata, na ipo hesabu ya mwili kupona. Mama mkwe amekurefushia ya kwanza, mumeo amekufupishia ya pili.

Tuanze na damu. Aliyejifungua kwa upasuaji ana nifasi (damu ya uzazi) sawa na aliyejifungua kwa njia ya kawaida, kwa kuwa damu inatoka kwenye tumbo la uzazi, si kwenye mshono. Ummu Salama, mkewe Mtume, Allah amridhie, amesimulia kwamba wanawake wenye nifasi zama za Mtume (s.a.w.) walikuwa wakikaa siku 40. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi na Hanbali wakaifanya hiyo kuwa mwisho wa nifasi. Shafi na Maliki wakafika hadi 60. Lakini wote hao wanazungumzia ukomo wa juu. Chini hakuna ukomo. Damu ikikatika siku ya 10, au ya 25 kama wewe, nifasi imekwisha: unaoga na unaswali. Swala za siku ulizokuwa na damu hulipi. Za tangu juzi, ulipotwaharika, zilipe. Ukiiona damu tena ndani ya siku hizo 40, acha kuswali mpaka ikatike, wala huna dhambi kwa ulizoswali katikati. Mweleze mama mkwe kwa upole. Amekukusudia heri, na kauli hiyo ameipokea kwa waliomtangulia.

Kuhusu josho, muulize aliyekushona au mkunga anayekuangalia. Mara nyingi kufikia wiki ya nne maji hupitishwa juu ya mshono bila kusugua, kisha ukapanguswa ukauke. Ukikatazwa maji mahali hapo, osha mwili uliobaki na utayamamu (kujipangusa uso na mikono kwa udongo safi badala ya maji) kwa ajili ya sehemu hiyo. Usijikaze ukadhani ndiyo uchamungu. Sahaba Jabir amepokea habari ya mtu aliyepasuka kichwa safarini, wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alisema wamemuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Kama kurukuu na kusujudu kunavuta mshono, swali umeketi, uashirie kwa kichwa. Thawabu yako haipungui.

Sasa nizungumze na mumeo, na naomba umsomee.

Ndugu yangu, kutwaharika si kupona. Tumbo la uzazi huchukua kama wiki 6 kurudi ukubwa wake, na pale kondo la nyuma lilipobanduka paliachwa kidonda usichokiona. Mkeo zaidi ya hapo amekatwa ngozi, misuli ikatenganishwa, na tumbo la uzazi lenyewe likapasuliwa likashonwa. Katika wiki hizi wataalamu humkataza kunyanyua kitu kizito kuliko mtoto wake. Ndoo ya maji ni nzito kuliko mtoto! Tendo la ndoa nalo, kwa sheria ya dini linaruhusiwa akishaoga, ingawa Hanbali wamelichukia kabla ya siku 40. Lakini ruhusa si amri, na kumdhuru mwenzio ni haramu. Subiri apimwe wiki ya 6, na subiri yeye mwenyewe awe tayari.

Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 233, inamwekea baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, na inakataza mama kutiwa dhiki kwa sababu ya mwanawe. Baadhi ya wafasiri wameiweka aya hii kwa mwanamke aliyeachwa. Basi ikiwa aliyeachwa ana haki hiyo, uliye naye ndani utamnyima? Aisha, mkewe Mtume, aliulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, akajibu alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa Swala ukifika hutoka. Kama huwezi kufua na kupika, tafuta wa kufanya. Maryam alipojifungua peke yake chini ya mtende, jambo la mwanzo aliloletewa lilikuwa tende mbivu na maji, akaambiwa ale, anywe na jicho lake litulie.

Nawe dada, damu ikirudi kwa wingi hata pedi inalowa ndani ya saa moja, au ukapata homa, uchafu wenye harufu mbaya, mshono kutoa usaha, kichwa kuuma vikali na macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje ruhusa ya mtu. Vilevile huzuni isiyoondoka, au fikra za kujidhuru au kumdhuru mtoto. Hayo ni maradhi, si upungufu wa imani, na yana tiba.

Limebaki la Ramadhani. Anas bin Malik al-Kaabi (si yule khadimu wa Mtume, ni mwingine mwenye jina hilo) amepokea kwamba Allah amemwondolea mjamzito na anayenyonyesha wajibu wa kufunga. Ukihofia nafsi yako, au maziwa kupungua mtoto akadhurika, kula, kisha utalipa siku hizo ukiweza. Ukila kwa kumhofia mtoto peke yake, Shafi na Hanbali wanaongeza fidia ya kulisha maskini mmoja kwa kila siku. Hanafi wanatosheka na kulipa, na hilo ndilo naliona jepesi zaidi kwa mama mwenye mshono na mtoto mchanga. Kama mtoto ananyonya vizuri nawe huna udhaifu, funga, na siku utakayolemewa ufungue.

Wallahu aalam.