Hiyo njia ya faili haisomwi na kompyuta yako

Mkuu, simama kwanza, usibonyeze kitu. Umesema unataka kuita SQLJ.INSTALL_JAR, prosija ya kuingiza faili la JAR (kifurushi cha klasi za Java) ndani ya hifadhidata ya Derby, kutoka kwenye programu yako ya Java, seva ya Derby iko chumba kingine, na njia uliyoweka ni /opt/app/lib/hesabu.jar "kwa sababu kwenye kompyuta yangu lipo hapo hapo". Halafu ukauliza kuhusu CallableStatement (chombo cha Java cha kuita prosija), ile 0 ya mwisho kwenye INSTALL_JAR, na namna ya kuondoa maktaba ya zamani. Hayo madogo. Hiyo sentensi ya njia ya faili ndiyo imenifanya niache chakula mezani.

Programu yako haifungui faili lolote. Inatuma herufi za njia tu kupitia mlango 1527 wa mtandao. Anayefungua faili ni injini ya Derby, na injini iko kwenye seva, kwa hiyo inatafuta kwenye diski yake yenyewe. Isipolikuta, itatoa kosa, na hapo shukuru Mungu. Balaa ni pale inapolikuta.

Yalinikuta 2019, kwenye SACCOS moja ya walimu. Wanachama walikuwa wamepitisha kwamba riba isikokotolewe tena kwenye mkopo wote wa mwanzo, ikokotolewe kwenye salio lililobaki. Nikaandika klasi mpya, nikafunga riba.jar, nikaita prosija ya kubadilisha JAR la zamani kwa jipya:

CallableStatement cs = conn.prepareCall("CALL SQLJ.REPLACE_JAR(?, ?)");
cs.setString(1, "/opt/mikopo/riba.jar");
cs.setString(2, "APP.RIBA");
cs.execute();

Kimya. Hakuna kosa hata moja. Kumbe kwenye seva nako kulikuwa na /opt/mikopo/riba.jar, lile tulilonakili kwa mkono siku ya kwanza ya kusimika mfumo. Derby ikachukua la zamani, ikaliweka juu ya la zamani, ikaniitikia kwamba kazi imeisha.

Na nilijaribu, msije mkasema sikujaribu! Mkopo wa shilingi 3,000,000, riba 12% kwa mwaka, marejesho miezi 12. Riba ya mwezi wa kwanza ikatoka 30,000, sahihi kabisa. Lakini mwezi wa kwanza kanuni zote mbili zinatoa 30,000, maana salio bado ni mkopo mzima. Tofauti inaanza mwezi wa pili: inatakiwa 27,500, wa tatu 25,000. Sisi tukaendelea kukata 30,000. Aliyegundua ni mwalimu wa hisabati, mzee wa watu, alikuja na daftari lake hesabu amezipiga kwa kalamu, akaliweka mbele yangu: "Kijana, mmenizidishia 7,500." Kwa mwaka mzima mkopo ule ungekatwa riba 360,000 badala ya 195,000. Wenye mikopo walikuwa zaidi ya 200. Tulirudisha hesabu zao mmoja mmoja, na kwenye mkutano mkuu mhasibu wetu, mama anayeheshimika na kila mtu pale, alisimama kujibu maswali ya wizi kwa kosa nililofanya mimi. Hilo haliniishi rohoni mpaka leo.

Mshauri aliyetuachia mwongozo nimemkasirikia miaka yote hii. Aliandika "weka njia kamili ya faili", basi. Ya kompyuta ipi? Hakusema. Yeye alitufundisha Derby ikiwa imepachikwa ndani ya programu, injini na programu kwenye JVM moja (kiendeshi cha Java), mashine moja, na hapo njia yako ndiyo njia yake. Tulipohamia kwenye seva ya mtandao hakurudi kubadilisha hata mstari mmoja, ila ankara yake alikumbuka kuileta. Mtu anayelipwa kufundisha asiyeeleza faili linasomewa wapi anawaumiza watu ambao hatawaona kamwe.

Kwa hiyo mkuu, shika hili moja: jina la faili lisitumike mara mbili. Kila toleo na jina lake, mfano hesabu-20190604.jar. Kwanza lipeleke kwenye seva kwa scp (amri ya kunakili faili kwenda kompyuta nyingine), kisha ita prosija ukitumia njia ya kule. Ukisahau kulipeleka, jina hilo halipo kwenye seva, Derby itakupigia kelele papo hapo, na kelele ndiyo unayoitaka. Likishaingia, Derby inakuwa imeweka nakala yake ndani ya hifadhidata.

Halafu iulize. Weka ndani ya klasi metodi inayorudisha namba ya toleo, isajili kama fanksheni, ita VALUES TOLEO(). Ikirudisha namba ya zamani, angalia pia CLASSPATH ya seva (orodha ya mahali Java inapotafuta klasi), kwa sababu Derby hutafuta klasi huko kwanza kabla ya kuangalia JAR zilizo ndani ya hifadhidata.

Wa hifadhidata ya PostgreSQL wenye PL/Java (nyongeza yake ya kuendesha Java) msijione mko salama, njia yenu ya file:/// nayo husomwa na seva. Ninyi angalau mna sqlj.install_jar inayopokea baiti zenyewe, itumieni.

Ile 0 iache 0, Derby haiijali. Sasa ingia kwenye seva, piga ls -l /opt/app/lib/, urudi hapa utuambie kama umekuta hesabu.jar na ni la tarehe gani.