Kanga Hii Inasemaje? Barua kwa Mwanangu Aliyeko Eindhoven

Mwanangu kipenzi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku hatujambo. Kaka yako anakusalimu, na mjomba wako wa Pangani bado anauliza kama baridi ya huko umeshaizoea.

Ujumbe wako wa sauti ulinikuta dukani, mteja akaingia, nikaukatiza. Usiku nikausikiliza tena, mara mbili. Umesema mwalimu wenu wa ubunifu aliwataka kila mmoja alete kitu kimoja cha matumizi ya kila siku kinachoonyesha nchi yake, nawe ukapeleka ile kanga iliyopauka, mbeleko niliyokubebea. Mwenzako mmoja akasema nguo za namna hiyo zilichapwa Helmond, huko huko Uholanzi, mwendo mfupi tu kutoka hapo mlipo, tangu enzi za bibi za bibi zetu. Mkapelekwa, mkaonyeshwa sampuli za zamani, ukazikuta kweli. Ndipo ukaniuliza, kwa ile sauti yako ya kukaribia kulia: "Mama, kama kanga zilichapwa huku, chetu ni kipi?"

Swali lako nimelala nalo wiki nzima.

Kwanza, aliyoyasema mwenzako ni kweli, usione haya kuyakubali. Kiwanda cha akina van Vlissingen hapo Helmond kilianzishwa mwaka 1846, na kufika mwisho wa karne ya 19 kilikuwa kikichapa nguo za kuuzwa pwani yetu. Hawakuwa peke yao. India walichapa, Uingereza walichapa, Japani nao wakaja baadaye. Hata kabla ya kanga, mama zetu walivaa merikani, na jina lenyewe linakwambia ilikotoka: viwanda vya Massachusetts, Marekani. Leso nayo, kama watu wa Mombasa wanavyoiita kanga hadi leo, ni neno tulilolipata kwa Wareno.

Sasa nisikilize. Husimuliwa kwamba leso hizo za Kireno zilikuwa vitambaa vidogo, zikija zimeungana kwenye jora, muuzaji anakata moja moja. Wanawake wa Unguja na Mombasa wakakataa kukatiwa. Walitaka mfululizo. Walichukua sita, tatu juu na tatu chini, wakazishona pamoja, ikapatikana nguo moja ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo iliyochapwa nzima kwa ukubwa ule. Wewe ndiye unayesomea ubunifu, mimi ni muuza kanga tu, lakini nikuulize: hapo aliyebuni ni nani? Mwenye mashine, au yule mwanamke aliyesimama mbele ya jora akasema usikate?

Kuna jambo ambalo mimi nalijua kwa mfuko wangu. Ulikuwa darasa la tano, hukumbuki. Niliuziwa mzigo wa doti nyingi, yaani kanga za mbili mbili, kutoka kiwanda kimoja cha nje, sikitaji. Maua yake yalikuwa mazuri, rangi imekolea, pamba nzito. Lakini jina, yaani yale maneno ya kanga, lilikuwa limeandikwa ovyo, herufi zimerukwa, maneno yamepachikwa na mtu asiyejua anachokiandika. Mteja anaichukua, anaikunjua, anasoma, anaikunja, anairudisha. Siku nzima namna hiyo. Nilishusha bei, hawakuitaka. Nikashusha tena. Mama mmoja wa Magomeni aliniambia, "Hata ukinipa bure nitaivaa wapi? Watu watanisoma." Mzigo ule ulinikalia miaka miwili, mwishowe niliuza kwa watu wa magodoro. Nililia, lakini siku ile nilijua mwenye amri katika biashara hii ni nani. Na mabwana wa Helmond walilijua hilo miaka mia kabla yangu, maana shehena ambayo wanawake wa pwani hawakuipenda ilikuwa hasara tupu.

Nataka uwaonyeshe wenzako namna kanga inavyonunuliwa, kwa sababu ubunifu wake hauonekani ikiwa imebandikwa ukutani. Mteja akiingia hasemi "nionyeshe rangi." Ananyoosha kidole juu ya rafu na kuuliza, "Ile inasemaje?" Nguo, mwanangu, inaulizwa inasemaje! Namshushia, namsomea: "Mgeni njoo mwenyeji apone." Anafikiri. Anataka kingine. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Hapo anacheka, anamtazama mwenzake aliyekuja naye, na wote wawili wanajua jina hilo linamwendea nani. Ndipo sasa anaangalia mji, ile sehemu ya katikati, umechorwa nini, anapima pindo la kuizunguka kwa macho, anasugua kitambaa kwa vidole kujua wanga umezidi au la.

Halafu tazama jina limewekwa wapi. Liko chini ya mji, juu kidogo ya pindo. Ukijifunga, maneno yanakukaa nyuma. Ukijitanda, yanakukaa mgongoni. Mvaaji hayaoni. Anayeyasoma ni yule anayefuata nyuma, au jirani aliyekaa kibarazani huku wewe unapita kwenda kisimani. Hapo ndipo ilipo akili yote ya kanga. Inakuwezesha kumwambia mtu neno bila kulitamka, na yeye akikuuliza umjibu, "Mimi nimevaa nguo tu." Adabu yetu ya kusema kwa mafumbo imekaa mle ndani, na binti anayekua akiziona nguo hizo kila asubuhi anafundishwa adabu hiyo bila mwalimu. Pengine tungekuwa watu wa namna nyingine kama maneno yangechapwa kifuani.

Na kwa nini doti, kwa nini mbili? Moja ya kujifunga, moja ya kujitanda, hilo kila mtu atakwambia. Lakini mbili ndizo pia zinazogawanyika. Mimi na mama mkubwa wako tulikuwa tukinunua doti moja, kila mmoja pande lake, na tulipokutana harusini tukiwa tumezivaa hapakuwa na haja ya kueleza kwamba tumepatana. Bado ninalo pande la mwisho tulilogawana. Lake alisitiriwa nalo alipokuwa akioshwa.

Historia nyingine nitakupa kwa haraka maana nyingi utazikuta maktabani. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivaa merikani na kaniki, nguo zilizowatambulisha kuwa watumwa, waliziacha na kuvaa kanga. Mtu alijinunulia uungwana sokoni akajifunga kiunoni. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake ya leso mwaka 1887, na mpaka leo "Mali ya Abdulla" ni alama ambayo mteja wangu mzee anaitafuta kwanza kabla ya kusoma jina. Maandishi ya mwanzo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja hizi za Kirumi. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, naye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, kwa kuwa mashine zilikuwa huko. Sijamsikia mtu akisema ile ni sauti ya Kihindi.

Lakini wewe umeuliza habari za nchi, na nchi si pwani peke yake. Hapo itabidi nikusimulie Sumbawanga.

Baba yako alihamishiwa huko kufundisha mwaka 1988, mimi nikiwa na mimba ya kaka yako. Nilifika sijui mtu. Majirani wakizungumza Kifipa mimi naduwaa, nimekaa kwenye kigoda kama mzigo. Wiki ya pili ukatokea msiba nyumba ya tatu. Nilikwenda na gauni langu la safari, nikasimama mlangoni sijui niingie vipi. Bibi mmoja akainuka, akavua kanga aliyojitanda, akanifunga kiunoni kwa mikono yake, akanivuta nikakae naye mkekani. Hakuna aliyeniuliza mimi ni wa kabila gani. Nilitazama mle ndani, wanawake labda thelathini, wote wamejifunga kanga, na migongoni mwao Kiswahili kimeandikwa, kile kile cha Tanga kwa mama yangu. Nikajua nipo kwetu.

Bibi huyo alikuwa amesoma ngumbaru. Unajua Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata wazee walikaa madarasani jioni na vibao vyao. Lakini vitabu nyumbani kwake havikuwepo. Alichokuwa nacho cha kusoma ni kanga. Alasiri alikuwa akiitandaza mapajani, kidole kinafuata herufi: we-ma ha-u-o-zi. Anainua kichwa, ananitazama kama nimhakikishie, kisha anarudia kwa mkupuo mmoja, "Wema hauozi!" Ukiniuliza kanga imefanya nini kwa Tanzania, ninamwona bibi yule na kile kidole chake. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 ilipata nguo moja ambayo kila nyumba inayo, na nguo yenyewe inaongea lugha moja. Redio ilifanya kazi yake, shule zilifanya yake. Kanga nayo iliingia jikoni na chumbani, ikawa kata ya kubebea ndoo, pazia, shuka, mbeleko, msala wa dharura wa kuswalia, huku muda wote imeandikwa Kiswahili.

Wenye mamlaka walilitambua hilo mapema. Uchaguzi ukija zinachapwa kanga, sikukuu za taifa zinachapwa kanga. Mwalimu alipofariki Oktoba 14, 1999, zilitoka zenye picha yake, nami nililifungua duka kwa kuziuza tu, watu wananunua huku machozi yanawatoka. Hata hivyo ninaona tofauti kubwa kati ya kuandika juu ya kitu ambacho watu wameshakipenda na kuwaundia watu kitu cha kupenda. Wenzetu Kenya mwaka 2004 walitafuta vazi la taifa kwa mashindano, wabunifu wakachora, likazinduliwa kwa sherehe, na wananchi hawakulivaa. Sisi pia suala la vazi la taifa limeundiwa kamati zaidi ya mara moja, na ukishuka Kariakoo leo asubuhi huoni mtu kalivaa. Siwadharau walioshughulika. Ila kanga haikuombewa kibali na mtu. Iliruhusiwa na wanaoinunua, na kila siku inaombwa ruhusa upya pale kaunta yangu.

Sasa nisikufiche upande unaoniuma. Wewe umeuliza chetu ni kipi, nami nakujibu: macho yanayochagua ni yetu, maneno ni yetu, mfungo ni wetu. Ujira wa kuichapa, kwa sehemu kubwa, hatunao. Pamba inalimwa Simiyu, Shinyanga na Mwanza, nyingi inauzwa nje haijasokotwa uzi, halafu inarudi ikiwa imechapwa jina la Kiswahili na sisi tunainunua. Urafiki pale Ubungo, kiwanda tulichojengewa kwa msaada wa China kikafunguliwa 1968, kilitupa kanga ambazo bibi yako alikuwa akizisifia uzito wake mpaka anaingia kaburini. Siku hizi naletewa vitambaa vyepesi vya nailoni, vinang'aa, havinywi jasho, vinateleza. Mama kijana aliniuliza juzi kama moja ya hizo inafaa mbeleko. Nikamwambia hapana mwanangu, mtoto atakuponyoka, nikamkosesha mwenye duka jirani mauzo na mimi mwenyewe pia. Nguo isiyoweza kubeba mtoto, kufuta jasho na kumsitiri maiti naiona ni picha ya kanga.

Kwa hiyo kama mwalimu wenu anataka uchore kitu, usimchoree ua la mkarafuu ukaandika Tanzania chini yake. Mchoree mwanamke anayeuliza inasemaje. Na ukimaliza masomo, kama moyo wako utapenda, rudi uje ushughulike na uzito wa ile pamba. Mimi nitakusomea majina yanayouzika na yasiyouzika, ninayo kichwani ya miaka thelathini.

Mbeleko yako usiwaachie makumbusho ya chuo, hata wakikubembeleza. Ulikojoa humo, ukatapika humo, ukapona degedege humo.

Nimempa shangazi yako, anayesafiri Ijumaa, doti moja ya "Japo sipati tamaa sikati." Nimeitoa kwenye rafu ya juu, pamba tupu. Sijaikata makusudi. Itandaze mezani uione ikiwa nzima, pindo mbili zimekutana katikati, halafu upitishe mkasi baina yao polepole. Ukiipinda, pinda kwa mkono, usitafute cherehani. Siku ya kwanza iloweke kwenye maji ya chumvi, peke yake, usichanganye na mashuka meupe ya watu, kisha uniambie ilichuja rangi au haikuchuja, maana mzigo ndio huo nimeununua na bado sijauamini.

Mimi mama yako,
Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam