Kabla hujalaumu tundu la USB

Mteja ataweka laptopu kaunta na kusema, "Fundi, hili tundu la bluu halina spidi." Wewe uliyeanza kazi juzi mkono utakuwasha kushika bisibisi. Iache kwanza. Mara nyingi tundu ni zima, na kinachochelewesha kazi ni waya, flashi au diski iliyochomekwa.

Kwanza ujue utarajie nini. USB 2.0 imeandikiwa megabiti 480 kwa sekunde, USB 3.0, iliyotoka 2008, gigabiti 5. Hizo ni biti, ilhali kompyuta ikinakili faili inakuonyesha megabaiti kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8. Kwa USB 2.0 utaona megabaiti 30 hadi 40, basi. Kwa USB 3.0, kila biti 8 za data husafirishwa kama biti 10, kwa hiyo ukomo wake ni megabaiti 500, na ukipata 400 na ushee shukuru. Diski ya kuzunguka ikikupa 120, hapo ndipo nguvu zake zinapoishia, tundu halina kosa. Lakini SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) ikiganda kwenye 35 hivi, haishuki wala haipandi, ujue mawasiliano yameangukia USB 2.0.

Majina yasikuyumbishe. USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 na USB 3.2 Gen 1 ni kitu kile kile, gigabiti 5. (Walioyapanga hawajawahi kukaa kaunta wakamweleza mteja.) Rangi ya bluu kama dalili ya USB 3.0 nayo si sheria, laptopu nyingi zina matundu meusi yenye kasi. Tafuta alama ya SS pembeni, au mulika tochi ndani: USB 3.0 ina vishikizo (pini) tisa, ya zamani vinne.

Kisha iulize kompyuta yenyewe. Kwenye Linux andika lsusb -t, mbele ya kila kifaa utaona 480M, 5000M au 10000M. Kwenye Windows ninatumia USB Device Tree Viewer, ya bure. Ukikuta SSD yako inasoma 480M, usipime kitu kingine kwanza. Ichomoe, uichomeke tena kwa mkupuo mmoja. Ukiingiza plagi polepole, vishikizo vya USB 2.0 vinaweza kuwahi kugusana, kifaa kikajisajili kwa kasi ya chini na kubaki hapo hapo. Isipobadilika, badilisha waya. Nyaya nyingi za Type-C zinazokuja na chaja za simu ndani ni za USB 2.0 tu, hata ziwe nene namna gani. Mimi nina SSD moja na waya mmoja niliouzungushia utepe mwekundu. Havitoki dukani, haviazimwi mtu.

Ikisoma 5000M, sasa pima. Tumia faili moja kubwa, gigabaiti kadhaa, si folda ya picha elfu. Namba za mwanzo zinadanganya kwa sababu data inapokewa kwanza na kumbukumbu ya muda, kwa hiyo subiri itulie. Flashi ya bei rahisi itaanza kwa mbio kisha itambae kwenye megabaiti 10, nayo si kosa la tundu. Kwenye Linux mstari wa kuonyesha unakili unaweza kujaa huku taa ya flashi bado inapepesa. Andika sync, usichomoe mpaka amri irudi.

Kwa kompyuta ya mezani, rudia kipimo kwenye tundu la nyuma, lililochomelewa moja kwa moja kwenye madabodi. Nyuma likikimbia na la mbele likasuasua, angalia waya unaotoka mbele ya kasha kwenda kwenye madabodi. Hapo sasa shika bisibisi.

Kuna malalamiko mengine utakayoletewa: mausi isiyo na waya inarukaruka kila diski ya nje inapochomekwa. Intel walilieleza hilo mwaka 2012: USB 3.0 inatoa kelele za redio zinazoingilia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo mausi nyingi za aina hiyo hutumia. Hamishia kipokezi cha mausi upande wa pili wa laptopu, au kisogeze mbali kwa waya wa kuongezea.