Wangu ni Prince of Persia

Umeuliza ni mchezo gani wa zamani wa kompyuta usiotutoka moyoni. Wangu ni Prince of Persia wa 1989, bila kusita. Jordan Mechner, aliyeutengeneza, alimrekodi mdogo wake kwa video akikimbia na kuruka, kisha akaigeuza mienendo ile kuwa michoro, picha baada ya picha. Ndiyo maana yule kijana mwenye nguo nyeupe anatembea kama mtu wa kweli. Akidaka ukingo wa ukuta unauhisi uzito wa mwili wake. Na una dakika 60 tu za kumwokoa binti mfalme. Ukifa unarudi mwanzo wa hatua, lakini saa haikusubiri. Napenda mchezo unaokubana hivyo.

Ila kinachonisisimua mpaka leo ni kile kivuli, adui anayefanana na shujaa mwenyewe. Kumbukumbu ya Apple II, kompyuta aliyoutengenezea mchezo, ilikuwa imejaa, hapakuwa na nafasi ya kuchora adui mpya, basi Mechner akatumia michoro ileile ya shujaa na kuibadilisha kidogo tu. Unapenya kioo, kivuli chako kinatokea upande wa pili na kuanza kukuhujumu. Mwishoni mnakutana, na kila ukimchoma unaumia wewe! Lazima urudishe upanga alani, muungane.

Doom, ule mchezo wa kupiga risasi, nayo naiheshimu sana, lakini haijawahi kunigusa hivi.

Ukitaka kuurudia, toleo la DOS, mfumo wa kompyuta za zamani, linakwenda vizuri kwenye DOSBox, programu ya kuchezea michezo ya DOS kwenye kompyuta za leo. Tumia kibodi.