Usiishie kusema machozi yanaua bakteria

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Ana mtihani wa mdomo wa biokemia, amekariri orodha nzima ya vimeng'enya vya kinga (protini zinazoharakisha kazi za kikemikali mwilini), lakini usingizi haumjii. Niliusoma ujumbe wake mara tatu, maana nilijiona mwenyewe.

Mimi niliingia chumba cha mtihani kifua mbele. Nikasema machozi, mate, kamasi na maziwa ya mama vina lisozaimu, kimeng'enya kinachoua bakteria. Mtahini akauliza, "Kinawauaje?" Nikajibu kwamba kinawaangamiza. Akarudia swali polepole, kama anayesema na mtoto. Nikanyamaza. Mwenzake akacheka. Kicheko kile bado kinaniuma, sitaki kudanganya.

Nilifeli. Miezi iliyofuata nilisoma kitu kimoja tu, na leo nakieleza bila daftari.

Bakteria ana shinikizo kubwa ndani yake, na kinachomzuia asipasuke ni ukuta wa peptidoglaikani. Ukuta huo umefumwa kwa minyororo ya sukari za aina mbili zinazopishana, na minyororo yenyewe imeunganishwa kwa vipande vifupi vya asidi amino. Lisozaimu ina mfereji ubavuni unaoshika sukari sita kwa pamoja. Hukata kifungo kati ya ya nne na ya tano, ikitumia molekuli ya maji. Ukuta ukilegea, maji huingia kwa nguvu na bakteria hupasuka. Hiyo ndiyo "kuua" niliyoshindwa kuieleza. Penisilini, dawa ya kuua bakteria, hufanya kazi nyingine: huzuia ukuta mpya usijengwe, wakati lisozaimu hubomoa uliokwisha simama.

Mtafiti Alexander Fleming aliigundua lisozaimu huko London mwaka 1921, alipochunguza kamasi za pua yake mwenyewe akiwa na mafua, akaona makoloni ya bakteria yakiyeyuka. Alichapisha habari hiyo mwaka 1922, miaka sita kabla ya kuiona penisilini. Mwaka 1965 kundi la mwanasayansi David Phillips likaonyesha umbo la lisozaimu ya ute wa yai kwa miale ya eksirei. Hakuna kimeng'enya kilichotangulia kuchorwa hivyo. Nilipouona ule mfereji kwenye mchoro, nililia. (Machozi yenyewe yakiwa na lisozaimu tele.)

Basi sikiliza, wewe unayetaka kufika maabara kama mimi. Kila ukikutana na kimeng'enya, uliza kinakata nini. Ukishajua, uliza kinashindwa na nani. Swali hili la pili ndilo wengi hulikwepa. Bakteria wa kundi liitwalo Gram hasi wana utando wa nje unaouficha ukuta, hivyo lisozaimu peke yake huwapata kwa shida. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hubadilisha sukari za ukuta wake hata mkato usishike. Mwili nao una wasaidizi: protini iitwayo laktoferini hushika madini ya chuma ambayo bakteria wanayahitaji, na huudhoofisha utando wa nje. Laktoferini haihesabiwi miongoni mwa vimeng'enya hivi, nami niliitaja kama kimeng'enya katika mtihani ule ule. Laktoperoksidesi ya mate ni kimeng'enya kweli, lakini haigusi ukuta. Huzalisha kemikali inayovuruga protini za bakteria.

Acheni kukariri majina. Nasema kwa uchungu: majina hayakuniokoa. Chora, kisha eleza mchoro kwa sauti. Ukiweza, tazama kwa macho yako. Mimi nilichanganya bakteria aina ya Micrococcus na maji hadi yakawa kama maziwa, nikatia lisozaimu, na dakika chache baadaye tyubu ikawa angavu. Nilirudia mara tano, si kwa sababu nilihitaji.

Mwezi uliopita nilikaa tena mbele ya watahini. Swali lilikuwa lile lile, na safari hii niliomba chaki.

Msomaji wangu amenitumia mchoro wake jana usiku. Mkato ameuweka mahali pake, ila utando wa nje ameusahau. Nimemrudishia auchore upya.