Je, Droni Zimezifuta Ndege za Kivita?

SWALI: Mtaalamu, kila ninapofuatilia vita vya miaka ya karibuni naona droni za bei nafuu zikiteketeza vifaru na maghala ya silaha, huku ndege za kivita zenye thamani ya mamilioni ya dola zikikaa mbali na mstari wa mbele. Tuchukue nchi yenye uwezo wa kati, iliyo na jirani mhasama na ndege za kivita zilizochakaa. Kwa nini isiachane kabisa na ndege zenye marubani na kuweka fedha zake zote kwenye droni na makombora?

JIBU: Ndugu msomaji, uliyoyaona ni kweli, lakini hitimisho lako si sahihi, na ni hitimisho ninalokutana nalo karibu kila ninapoulizwa kuhusu majeshi ya anga. Droni hazijafuta kazi ya ndege za kivita. Zimefanikiwa ama pale ambapo ulinzi wa anga wa adui ulikwisha kuvunjwa, ama pale ambapo pande zote mbili zimeshindwa kulitawala anga. Hizo ni hali mbili tofauti, na wachambuzi wa mitandaoni huzichanganya kila siku kwa sababu video ya sekunde thelathini haionyeshi kilichotangulia mlipuko.

Vita vinavyotajwa zaidi ni vile vya siku 44 vya Nagorno-Karabakh, kati ya Azerbaijan na Armenia, vilivyoanza mwishoni mwa Septemba 2020. Watu walitazama picha zilizorekodiwa na Bayraktar TB2, droni ya Azerbaijan iliyoundwa Uturuki, na kuamini kwamba chombo hicho peke yake kilishinda vita. Ukweli ni kwamba Azerbaijan ilichukua ndege kuukuu za An-2, muundo wa miaka ya 1940, ikazirusha bila marubani kuelekea mistari ya Armenia ili zichokoze rada. Betri ya makombora iliyowasha rada yake au kufyatua kombora ilikuwa imejifichua ilipo, na ndipo droni za kujilipua za Harop, zilizoundwa Israel, ziliposhuka juu yake. Isitoshe, sehemu kubwa ya mifumo hiyo ya Armenia, kama vile Osa na Strela-10, ilibuniwa enzi za Umoja wa Kisovieti kwa ajili ya kutungua ndege na helikopta, wala si chombo kidogo kinachokwenda kilomita 130 hivi kwa saa. TB2 iliingia katika anga ambalo mlinzi wake alikuwa amekwisha kupofushwa.

Upande wa pili wa vita hivyo ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu hauzungumzwi. Mwishoni mwa mwaka 2019 Armenia ilipokea kutoka Urusi ndege 4 aina ya Su-30SM, ambazo kwenye karatasi zilipita chochote ilichokuwa nacho Azerbaijan. Hazikupigana. Mwaka 2021 waziri mkuu Nikol Pashinyan alikiri hadharani kwamba zilinunuliwa bila makombora yake. Mtu anayesema kwamba Armenia ilishindwa kwa kuwa ilitegemea ndege badala ya droni anapotosha, maana kilichonunuliwa kilikuwa fremu na injini, na uwezo wa kupigana ukaachwa dukani.

Wala mbinu ya kutanguliza chambo haikuzaliwa mwaka 2020. Katika vita vya 1973 dhidi ya Misri na Syria, Israel ilipoteza takribani ndege 100, nyingi zikiangushwa na makombora na mizinga ya kutoka ardhini. Miaka tisa baadaye, mwezi Juni 1982, katika Bonde la Bekaa nchini Lebanon, ilirusha droni ili Syria iwashe rada zake. Ndege za kivita zikazipiga betri za makombora, huku ndege za rada za E-2C zikiwaeleza marubani kila ndege ya Syria iliyopaa. Syria ilipoteza ndege zaidi ya 80. Droni zilikuwepo na zilikuwa muhimu sana, lakini kilichoshinda ni kila sehemu kuifanyia kazi nyingine, na kazi hiyo ilifanyiwa mazoezi kwa miaka mingi.

Nikija kwenye Ukraine, ambako bila shaka ndiko mawazo yako yalikoanzia, kumbuka kwamba TB2 zilipiga misafara ya Urusi katika wiki za mwanzo za mwaka 2022, kisha zikatoweka karibu kabisa mstari wa mbele, mara tu Urusi ilipopanga vizuri ulinzi wake wa anga na mitambo ya kuvuruga mawasiliano. Ndege za pande zote mbili hukaa mbali kwa sababu hakuna upande ulioweza kuyaangamiza makombora ya mwenzake. Hiyo si hali ambayo jeshi lolote huichagua. Ni mkwamo, na bei yake hulipwa na askari wa miguu kwenye mahandaki. Hata katika mkwamo huo, ndege za Urusi huachia kutoka makumi ya kilomita mabomu yaliyofungwa mabawa, mengine ya kilo 500 na mengine ya kilo 1,500, ilhali droni ya masafa marefu aina ya Shahed-136 hubeba kichwa cha kilo 50 hivi. Na Ukraine yenyewe, ambayo labda hakuna nchi inayoizidi kwa ubunifu wa droni, iliomba ndege za kivita tangu mwaka 2022 mpaka ikapata F-16 za kwanza mwaka 2024. Kazi kubwa ya ndege hizo imekuwa kutungua makombora na droni.

Mpango unaoupendekeza umekwisha kujaribiwa, tena na nchi yenye wahandisi hodari. Iran ilipokea ndege 79 za F-14 kutoka Marekani kabla ya mapinduzi ya 1979, kisha mlango wa vipuri ukafungwa, na kwa miongo kadhaa ikaelekeza nguvu zake kwenye makombora na droni. Aprili 2024 ilirusha droni zipatazo 170 kuelekea Israel, na kwa maelezo ya jeshi la Israel hakuna hata moja iliyoingia katika ardhi yake. Nyingi zilitunguliwa njiani na ndege za kivita za Israel na washirika wake. Juni 2025, katika vita vya siku 12 kati yake na Israel, makombora yake ya balistiki yalipenya, yakaua na kubomoa, kwa hiyo sisemi kwamba uwekezaji ule haukuwa na maana. Lakini katika siku zile 12 ndege za Israel zilizunguka juu ya Tehran karibu zipendavyo, na Iran haikuwa na cha kupaisha ili kuzizuia. Kombora na droni humwezesha mtu kulipiza kisasi. Havimwezeshi kumfukuza adui aliye juu ya paa lake.

Sasa kuhusu jirani. Jeshi la anga huundwa na adui mahususi na ramani mahususi, na ndiyo maana kunakili orodha ya nchi nyingine ni kosa. Sweden, ikijua kwamba Umoja wa Kisovieti ungepiga kambi zake siku ya kwanza, ilibuni ndege yake ya kivita ya Gripen iweze kutua kwenye kipande cha barabara cha mita 800 hivi na kuhudumiwa na fundi mmoja pamoja na vijana wachache walio katika utumishi wa lazima. India, yenye mahasimu wawili mipakani, ilijiwekea lengo la vikosi 42 vya ndege za kivita, lakini ilipostaafisha MiG-21 zake za mwisho Septemba 2025 ilibaki na 29. Iliponunua ndege 36 za Rafale kutoka Ufaransa, Pakistan ilijibu kwa J-10C za China. Mei 2025 zilipokabiliana, marubani walirushiana makombora bila kuvuka mpaka. Kila upande una hesabu yake ya ndege zilizoanguka, ila kilichoonekana wazi ni kwamba masafa ya kombora na mawasiliano kati ya ndege, rada na vituo vya ardhini vilikuwa na uzito kuliko jina la ndege.

Ukitaka somo ambalo droni zimelifundisha kweli, litafute kwenye maegesho. Tarehe 1 Juni 2025 droni ndogo za Ukraine zilitoka ndani ya malori na kuteketeza ndege kubwa za Urusi zilizoegeshwa mahali pa wazi, maelfu ya kilomita kutoka uwanja wa vita. Misri ilipata pigo la aina hiyo kutoka kwa ndege za Israel tarehe 5 Juni 1967. Nchi uliyoitaja ingefanya vyema kutumia sehemu ya fedha zake kwenye vibanda vya zege, viwanja vya akiba, mizinga ya kutungulia droni na mitambo ya kuvuruga mawimbi, kabla ya kujadili aina ya ndege. Lakini vibanda vya zege havipendezi kwenye gwaride, na hakuna waziri anayepigwa picha mbele yake.

Ndiyo maana nina hasira na majedwali yanayosambazwa kila mvutano wa mpakani unapozuka, yanayojumlisha ndege za nchi moja upande wa kushoto na za nchi nyingine upande wa kulia, na kutangaza mshindi. Hayasemi ni ngapi zinaweza kupaa kesho asubuhi. Hayasemi rubani huruka saa ngapi kwa mwaka, wakati katika NATO kipimo kinachotajwa ni saa 180, wala makombora yaliyo ghalani yatatosha siku ngapi za mapigano. Hayasemi nani anashikilia vipuri. Uturuki, iliyokuwa ikitengeneza baadhi ya sehemu za ndege ya kivita ya F-35 ya Marekani, ilitolewa katika mradi huo mwaka 2019 kwa kununua mfumo wa ulinzi wa anga wa S-400 wa Urusi. Muuzaji wa droni atakayekuja na ahadi ya ushindi wa bei rahisi aulizwe maswali hayohayo: chombo chake kitafanya nini mawasiliano yakivurugwa, nani anatengeneza injini na kamera zake, na vingapi vitakuwa vimebaki baada ya mwezi wa kwanza wa vita. Asipokuwa na majibu kwa maandishi, mkataba usitiwe saini.