Dawa ya Fangasi Si Mafuta ya Uso

Shikamoo daktari. Nina miaka 19, niko Tanga. Naosha uso kwa sabuni mara tano kwa siku, chunusi zinazidi tu. Nitumie sabuni gani?

Marahaba, binti. Punguza kuosha kwanza. Chunusi haziletwi na uchafu: mafuta ya ngozi yanazidi, tundu la kinyweleo linaziba, bakteria wanazaliana humo ndani, panavimba. Mara mbili kwa siku inatosha. Duka la dawa ulizia jeli ya benzoili peroksidi ya asilimia 2.5 au 5. Paka nyembamba sehemu yote inayotoka chunusi, usiku mmoja upake, unaofuata upumzike, mpaka ngozi izoee. Lalia foronya nyeupe, maana jeli hii inachujisha rangi ya vitambaa. Ipe wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema haifanyi kazi. Na kama zimejaa zaidi kwenye paji la uso, tazama mafuta mazito unayopaka nyweleni.

Limau na dawa ya meno vinasaidia?

Hapana. Hili tumeshalijibu hapa mara nyingi. Limau linaunguza ngozi, na ukitoka juani linaweza kukuachia baka jeusi kuliko doa ulilokuwa ukilifuta.

Jirani alinipa tyubu ya dawa ya fangasi. Ndani ya wiki chunusi zilikauka, uso ukang'aa. Nimeitumia miezi sita. Nilipoacha, uso unawaka na vipele vimejaa kuliko mwanzo. Nirudie? Msomaji, Mbeya.

Usirudie, dada yangu. Tyubu nyingi za aina hiyo zina vitu vitatu: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali, kama betamethasoni au klobetasoli. Kilichokung'arisha ni hiyo steroidi. Inatuliza uvimbe kwa muda na kufifisha rangi, lakini chanzo cha chunusi haikigusi. Wakati huohuo inaikondesha ngozi, na siku ukiacha, vyote vinarudi kwa nguvu. Ndiyo maana watu wanashindwa kuachana nayo. Nenda kwa daktari wa ngozi, beba na tyubu yenyewe aione, akuelekeze namna ya kutoka. Kwa sasa paka mafuta mepesi yasiyo na manukato, mengine yote weka kando. Na ninyi wenye maduka ya dawa, steroidi kali ni dawa ya cheti. Acheni kuigawa kama peremende.

Hukuuliza kuhusu mkorogo wa kung'arisha ngozi, lakini nausema kwa sababu ni ndugu wa tyubu hiyo. Wanaokuja kwangu huweka mezani kikopo kisicho na lebo, kimejazwa saluni. Ukiwatazama, mashavu ni mekundu, mishipa midogo inaonekana, na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi vilevile. Humo mna steroidi, haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi), pengine na zebaki. Haidrokwinoni ikipakwa miaka bila usimamizi inaweza kuleta weusi wa kibluu mashavuni, na kuutoa ni kazi ngumu mno. Zebaki inaharibu figo na inamfikia mtoto tumboni. Nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vilivyotiwa zebaki, hata kidogo, vikome ifikapo 2025. Kikopo cha saluni hakuna anayejua kina nini, hata aliyekikoroga.

Chunusi zimeisha, zimebaki alama nyeusi. Makovu haya yatatoka? Msomaji, Mombasa.

Pitisha kidole juu yake. Kama ni tambarare, hilo ni doa, si kovu, na mengi hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa usipoyatumbua. Asidi ya azelaiki au adapalini, dawa za kupaka, huharakisha. Kama kidole kinaingia shimo, hilo ni kovu, na hakuna krimu itakayolijaza. Ni kazi ya daktari wa ngozi, tena baada ya chunusi kutulia kabisa.

Usipojikinga na jua, madoa hayaondoki. Wanaosema ngozi nyeusi haihitaji kinga wanawapotosha. Ni kweli ina kinga yake ya asili, lakini doa huzidi kuiva juani. Vaa kofia pana na paka mafuta ya kuzuia jua, yenye rangi ukiyapata. Bei ya mafuta hayo yanayotoka nje inakatisha tamaa, nalijua hilo. Lakini Moshi, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, wanatengeneza Kilisun, mafuta ya kuzuia jua, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kumbe inawezekana hapahapa, na ningependa viwanda vyetu viwatengenezee na wengine.

Nina mimba ya miezi miwili. Dada ameniachia vidonge vyake vya isotretinoini vya chunusi. Nimeze?

Usimeze hata kimoja. Vinaharibu maumbile ya mtoto. Kama umeshameza, nenda kliniki leo, usingoje tarehe yako. Dawa hii haigawanwi kati ya ndugu, na mwanamke anayeitumia hatakiwi kushika mimba mpaka upite angalau mwezi mmoja tangu aache. Asidi ya azelaiki ya kupaka inafaa kwa mjamzito. Mwulize mkunga wako.

Kila nikinyoa natoka vipele kisogoni, vingine vimekuwa vigumu. Ni chunusi?

Hapana, kaka. Ni nywele zinazojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Mwambie kinyozi asikwangue, abakize nywele kidogo, na nenda na mashine yako. Vile vigumu vikianza kukua, wahi hospitali wakati sindano bado inaweza kuvisinyaza. Usikubali mtu avikate tu na kukuacha hivyo, kwa sababu kovu linaloota likikatwa bila tiba nyingine mara nyingi hurudi kubwa zaidi.